Vidonge vya Chuma na Mstari wa Kesho

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi ya ukungu mzito. Jua limeonekana saa tatu.

Baba, shikamoo.

Nilifika salama Ijumaa, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, lakini mzima. Mwenye nyumba wangu alinimwagilia maua kwa wiki zote tatu nilizokuwa kwako, na moja amelizamisha kwa upendo. Anakusalimu. Ghalani nimekuta karatasi zimerundikwa ovyo. Mtu aliyenishikia nafasi anaamini rimu ni rimu tu, ya barua na ya mabango zote ndugu. Itanichukua mwezi kuzitenganisha.

Jana nilijaribu kukupigia simu. Ulisema "Nani?" mara nne, kisha ukasema "Leo hatununui," ukakata. Basi baba, hayo masikio uliyoyaacha karakana hayatarudi. Tuandikiane kama nilipokuwa shule ya bweni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kumbuka alivyosema daktari: moyo wako ulipata mshtuko mwezi wa Januari, na moyo uliojeruhiwa unahitaji damu yenye nguvu. Damu yako imeishiwa akiba ya madini ya chuma. Ndiyo maana unachoka kabla ya kazi na kuhema kwa safari ya sokoni. Kidonge chekundu ni cha chuma: kimoja asubuhi kabla ya kula, kwa maji ya ndimu, na chai isikisogelee mpaka zipite saa mbili. Kidonge cheupe kidogo ni cha kuzuia damu isigande. Hicho usikiruke hata siku moja, hata ukiwa umenikasirikia. Tarehe 31 Machi urudi kupimwa damu.

Karatasi nilizokuachia nimezipigia mistari kwa mkono wangu. Kila siku ina mstari wake: kidonge cheupe, kidonge chekundu, ngazi uliyopumzikia, choo. Usicheke hiyo ya mwisho. Choo kitakuwa cheusi. Ni chuma kinachokitia rangi, daktari mwenyewe kasema. Usiogope ukikiona.

Siku uliponisindikiza nilihesabu: nyumba yako ina ngazi thelathini na moja, nawe wakati wa kurudi juu ulipumzika ya kumi na tisa. Nataka namba hiyo ipande.

Binti yako.


12 Machi

Karani wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kama mtu anayesoma amri ya polisi. Mimi mzima. Jirani yangu mshona viatu naye mzima, isipokuwa ameshindwa kuuza viatu vya harusi ambayo bwana harusi alikimbia. Anavivaa mwenyewe. Vinambana, anasema hasara isikae bure.

Mwanangu, nimechomelea miaka thelathini na nane. Nimekula vumbi la chuma, nimelala nalo kwenye nywele. Marehemu mama yako alikuwa akikung'uta shuka asubuhi linalia kama mchanga. Leo kijana wa koti jeupe ananiambia sina chuma. Nilimwambia apime vizuri, huenda kimeshukia miguuni. Mshona viatu anashauri nipitishwe sumaku.

Vidonge vyako nameza. Ukurasa wa wiki huu hapa, umejaa, hauna pengo hata la sindano. Ngazi nilipumzika ya kumi na nne, lakini siku hiyo nilibeba viazi. Choo ni kama ulivyosema. Tumbo halina habari ya kuandika. Kinachonisumbua hasa ni magoti, kuliko huo moyo mnaoupigia kelele, nayo nimekwisha kuyapatia dawa.

Wewe je, unakula? Au bado unaandika kwenye shajara saa uliyolala badala ya kulala?

Baba yako.


Jumamosi, 22 Machi. Asubuhi mawingu, upepo wa kupeperusha vumbi, mvua imegoma.

Baba, shikamoo.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilicheka viatu vya harusi hadi msimamizi wangu akaja kuuliza kuna nini. Mwambie mshona viatu avitie gazeti lililoloweshwa, asubuhi vitakuwa vimepanuka. Kwa afya mimi sijambo. Nakula. Jana nililala saa saba usiku na dakika ishirini, kwa kuwa umeuliza.

Ukurasa wako nimeutoboa matundu na kuuweka kwenye faili yako. Ndiyo, una faili. Nimefurahi kuona tiki zimekaa sawa kama askari.

Lakini kumi na nne si kumi na tisa. Umeandika ni viazi. Viazi vya siku ile ni kilo ngapi? Na mbona siku zilizofuata kwenye ukurasa ule ule umeandika tena kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne? Kila siku ulibeba viazi? Na dawa ya magoti ni ipi, nani kakupa? Nakuomba unijibu maswali haya moja moja, usiyarukie kama madimbwi.

Ningekuja mwenyewe. Ghala linahesabiwa mwisho wa mwaka wa kampuni, na hatufungui milango mpaka tarehe 5 Aprili. Nimeomba ruhusa mara mbili. Msimamizi anasema baba wote wanaumwa mwezi wa kuhesabu.

Usisahau kipimo cha tarehe 31. Kuna mengine aliyoyasema daktari siku ile mimi naye tulipokuwa korido, ulipokuwa unafunga vifungo vya shati. Sikutaka kuyaandika. Nikija tutayazungumza uso kwa uso.

Binti yako.


2 Aprili

Karani, marahaba.

Hapa salama. Mvua imenyesha na paa la mshona viatu linavuja juu ya kitanda, sasa analala upande mmoja kama samaki wa kukaanga.

Utanisamehe mwandiko. Mkono umekuwa mzito siku hizi, kalamu nayo nyepesi.

Kipimo sikwenda. Nilishuka, nikafika chini, nikaona foleni ya zahanati imekunja kona, nikarudi. Nitakwenda wiki ijayo. Ngazi sasa ni nane. Usianze. Mzee wa miaka sabini na tatu akipumzika ngazi ya nane siyo habari ya gazeti.

Ukurasa huu hapa, nimeujaza wote mpaka Jumapili. Choo ni cheusi kama ulivyosema, tena sasa kimezidi: kinang'aa na kunata kama lami mpya ya barabarani, na harufu yake inafukuza nzi. Sikuogopa, ulisema nisiogope. Naona chuma chenu kimeanza kazi.

Baba yako.


Jumatano, 9 Aprili. Asubuhi kavu, anga jeupe.

Baba, shikamoo.

Herufi zinarukaruka kwa sababu naandika ndani ya basi. Barua hii siipeleki posta, naibeba mwenyewe. Ukikaa kwenye kiti cha dirishani saa kumi na sita bila kuandika unaweza kupasuka.

Barua yako ilifika leo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika mashine ya kutobolea. Nilikwisha kuupanga ukurasa wako ukingoni, nitoboe, nifungie faili kama ule wa kwanza. Ndipo nikasoma tena neno "lami."

Nikaangalia juu ya barua: tarehe 2, Jumatano. Nikaangalia muhuri wa posta: tarehe 3. Nikaangalia ukurasa: tiki za Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Baba, ulimeza kidonge cha Jumapili siku ya Jumatano? Nikatoa ule ukurasa wa kwanza. Barua ya tarehe 12, tiki hadi tarehe 16. Ngazi kumi na nne hadi tarehe 16. Nimekaa nao wiki tatu kwenye faili. Mimi ninayekamata rimu iliyopungua karatasi mbili.

Kama tiki si za kweli, basi sijui umemeza nini. Na kama hukumeza vile vyekundu, ule weusi unatoka wapi?

Sasa nikuambie nililolificha. Daktari hakusema ile nusu peke yake niliyokuandikia. Alisema hivi, nimeyanakili kwenye shajara siku ile ile: "Choo kikiwa cheusi kikavu, ni chuma. Kikiwa cheusi cha kunata, kinachong'aa kama lami, chenye harufu kali, hicho ni damu inayovuja tumboni. Kidonge cha kuzuia damu isigande kinaulinda moyo lakini kinaweza kulijeruhi tumbo. Mlete siku hiyo hiyo." Alisema pia kwamba hajui bado akiba yako ya chuma ilikwenda wapi, na kwamba mzee asiyekuwa na chuma lazima atafutwe panapovuja. Ndiyo maana ya kipimo cha tarehe 31.

Sikukuandikia hayo kwa sababu ulikuwa umetoka kwenye mshtuko, nami niliona moyo wako hauhitaji kitu kingine cha kuogopa. Nikakupa nusu iliyo tamu. Ukaitumia kama nilivyokupa. Ulivuja, ukaangalia, ukasema Karani kasema nisiogope.

Nilimpigia mshona viatu saa nne na robo. Nilisema maneno matatu tu, naye akakata simu. Saa saba akapiga. Alikukuta umekaa ngazi ya nane, kofia mkononi, midomo imepauka kama karatasi yangu ya barua. Alipokuuliza ulisema unapumzika. Alipouliza tangu lini, ulisema tangu asubuhi. Amekushusha mgongoni, akiwa na vile viatu vya harusi, hadi kwenye teksi. Hospitali wamekulaza. Wanakutafutia damu. Zaidi ya hapo simu yake iliisha chaji.

Msimamizi aliponiona nachukua mkoba alisema, "Na hesabu za marudio?" Nikamwambia azihesabu yeye. Sijawahi kumjibu mtu hivyo ofisini.

Ukiamka kabla sijafika wakikuuliza unatumia dawa gani, waambie kweli, zote, na hiyo ya magoti. Cheupe usikiache wala kukimeza kwa akili yako; waache wao waamue, maana moyo nao unakitegemea.

Nitakusomea barua hii, au utaisoma mwenyewe, au. Nimeandika "au" ya pili nikaona niishie hapo.

Binti yako.


24 Aprili

Karani wangu, marahaba.

Najua wewe ndiye wa kuniandikia kwanza kwa kuwa ndiye uliyesafiri, lakini acha nitangulie. Wiki nzima ulikaa kwenye kiti kile cha plastiki na sikukuambia kitu. Nilikuacha unaniuliza nikajifanya sisikii. Mara mbili sikusikia kweli. Nyingine zote nilisikia.

Habari za hapa ni njema. Mshona viatu kaziba paa. Viatu vya harusi vimechanika visigino siku ile aliponibeba, na anasema sasa hasara imekamilika, anaweza kuisahau. Nimemwambia nitamchomelea kiti cha kufanyia kazi. Akasema kwanza nipande ngazi.

Sasa jambo lenyewe. Vidonge vyekundu niliviacha tarehe 15 Machi. Vilinifunga choo siku tano, na vikanichafua roho hadi nikiiona ndimu nakunja uso. Ningekuandikiaje hayo? Wewe ni binti yangu. Nilikubeba begani. Mtu hawezi kumwandikia aliyembeba begani habari za choo kugoma. Sasa naona mwenzangu ulikuwa umeshanichorea na safu yake kabisa. Kila asubuhi nilitoa kimoja kwenye chupa nikakiweka kwenye lile kopo langu la fimbo za kuchomelea, ili chupa ipungue sawasawa na karatasi zako. Vimo ishirini na tano. Nimevihesabu mbele ya mshona viatu.

Magoti: nilinunua vidonge vya njano vya maumivu kwenye duka la kona, vya kumeza asubuhi na jioni. Sikuviandika kwa sababu havikuwa na safu. Daktari aliyeingiza kamera tumboni amesema hivyo vya njano na kile cheupe vilishikana mikono vikanitoboa. Kidonda kilikuwa cha ukubwa wa kifungo cha shati. Amenipa dawa ya kulilinda tumbo, cheupe kimerudishwa kwa amri yake, na vya njano ameviita jina ambalo sitaliandika.

Chuma wameacha kunipa kwa mdomo. Jana nimerudi kwa mara ya pili, wakanitundikia mfuko wa maji ya rangi ya kutu na kunidondoshea mshipani kwa dakika arobaini. Nililitazama lile tone linavyoshuka, nikasema hii rangi naijua, hii ni rangi ya mikono yangu ya zamani. Muuguzi akasema, "Mzee, lala." Nikamwambia mimi na hiki kitu ni watu wa siku nyingi.

Lakini hukuniuliza kuhusu tiki. Ulizitaja kwenye barua ya basi tu. Nakueleza. Kiwandani tulikuwa na tangi la mvuke, na fomu ya kulikagua kila asubuhi. Tangi halikuwahi kubadilika. Basi Jumatatu unachukua fomu, unaijaza "sawa" mpaka Jumamosi, unaendelea na kazi yenye maana. Wote tulifanya hivyo, na msimamizi alijua. Mwaka mmoja lilipasuka kwenye maungio siku ya Alhamisi. Mwenzangu aliungua mkono mpaka begani. Tulipokwenda kutoa fomu ukutani, iliandikwa kwa mwandiko wangu: Alhamisi sawa, Ijumaa sawa, Jumamosi sawa. Mama yako aliijua habari hiyo. Wewe hukuambiwa. Nilidhani nilikoma.

Kuhusu ile nusu uliyoificha, usijibebeshe. Hata ungeniandikia yote, ningekujibu kuwa ni viazi.

Ukurasa huu hapa. Leo Alhamisi nimepumzika ngazi ya ishirini na mbili. Cheupe nimemeza, cha tumbo nimemeza. Choo cha kahawia, kama cha watu. Ijumaa sijaijaza kitu. Kalamu ilitaka, nikaiweka mbali, kwenye kopo la vile vidonge.

Baba yako.


Jumamosi, 3 Mei. Asubuhi ya mvua nyepesi, imekatika saa mbili.

Baba, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima. Mwenye nyumba ameua ua la pili. Msimamizi amenihesabia siku zile kama likizo, na yule wa rimu ni rimu amezihesabu hesabu za marudio mwenyewe, akazikosea zote kwa kiasi kile kile, jambo ambalo nalo ni kipaji.

Ukurasa wako niliuangalia kwanza, barua baadaye. Nililinganisha tarehe, nikaangalia muhuri. Nitafanya hivyo daima, usiudhike. Kisha nikaona ule mstari mtupu wa Ijumaa, nikakaa chini bila hata kuvua koti.

Nakutumia karatasi mpya. Nimeongeza safu mbili. Moja ni ya "dawa yoyote nyingine, hata ya kununua kona." Ya pili haina kichwa. Humo andika usilotaka kuniandikia. Si lazima niulize. Nyuma ya kila ukurasa nimenakili maneno yote ya daktari, nusu zote mbili, na siku za kurudi kupimwa damu na chuma.

Ngazi ishirini na mbili. Tarehe 24 Mei nina siku nne za mapumziko. Nitakusubiri juu, mlangoni, nawe upande nikihesabu.

Binti yako.

Jumapili asubuhi, kabla ya kugundisha bahasha. Ulitaka kujua. Jana nililala saa tatu kasoro dakika kumi usiku.